Mchawi wa redioni na bibi yetu jirani

Kuna kicheko kimoja ambacho mpaka leo nikikikumbuka nikiwa peke yangu usiku, nageuka nyuma kwanza ndipo naendelea na shughuli zangu. Ni kicheko cha bibi kizee. Kinaanza taratibu kama mtu anayekohoa, kinapanda, kinapasuka, halafu kinakatika ghafla. Kimya. Baada ya kimya unakuja muziki, na baada ya muziki sauti ya mtangazaji akituambia tukutane tena wiki ijayo muda kama huu.

Wiki ijayo! Mchawi yupo mlangoni, mtoto wa watu yupo ndani peke yake, mama yake kaenda msibani, eti mtu usubiri siku saba.

Nyumbani tunabishana hadi leo ule ulikuwa mchezo gani. Kaka yangu anasema ulikuwa wa redio ya taifa. Dada anaapa ulikuwa wa kituo cha binafsi. Kuhusu jina ndiyo usiseme, kila mmoja ana lake na hataki kushindwa. Mimi nimeamua kunyamaza, maana nahisi tumechanganya michezo mitatu au minne tukaifanya mmoja. Lakini kicheko tunakubaliana. Ukikutana na yeyote kati yetu ukamwambia "cheka kama yule bibi", atakucheka bila kuuliza bibi gani.

Nazungumzia Geita ya miaka ya 1999 hadi 2002 hivi. Wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, mkoa imekuja kuwa mwaka 2012. Mgodi mkubwa wa GGM ndiyo kwanza unaanza kuzalisha dhahabu, mwaka 2000, na usiku ukisimama nyuma ya nyumba yetu uliona taa zake zimewaka kule vilimani kama mji mwingine kabisa. Sisi huku chini tulikuwa na koroboi. Moja jikoni, moja ukumbini, na ole wako uihamishe ile ya ukumbini wakati baba anakula.

Redio ilikuwa mali ya baba na ilikula betri nne kubwa za National. Kwa hiyo kulikuwa na sheria. Redio ni ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Muziki ni siku ya sikukuu. Mchezo wa usiku tuliupata kwa hisani, na hisani yenyewe ilitegemea betri. Ndiyo maana siku ya mchezo, toka asubuhi, mmoja wetu alikuwa na kazi maalumu ya kuzianika juu ya bati ili zipate nguvu kidogo. Mliokulia mjini kwenye umeme mnaweza kucheka. Waliokulia huku wanajua kwamba betri iliyoanikwa vizuri ilikupa dakika 20 ambazo hukuwa nazo, na mchawi siku zote alicheka kwenye dakika ya 19.

Usiku ule ukumbi ulijaa. Watoto wa majirani walikuja na vigoda vyao. Wengine walikaa chini kwenye mkeka, migongo imebanana, na kila mtu alitaka kukaa katikati, hakuna aliyetaka kukaa pembeni karibu na mlango. Baba alijifanya hasikilizi. Alikaa na kiti chake cha kamba, amefumba macho kama amelala, lakini betri zikianza kuchoka sauti ikapungua, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono na kuipiga redio kofi.

Na bibi jirani alikuwepo.

Huyu hakuwa bibi yetu wa damu. Alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, mjane, wanawe wote wameshaondoka. Tulimwamkia "shikamoo bibi" na yeye akatuitikia "marahaba wajukuu zangu" kama alivyowaitikia watoto wote wa mtaa ule. Hakuwa na redio. Siku ya mchezo alikuja mapema kuliko wote, na ukimkuta njiani mchana alikuuliza, "Leo si ndiyo siku yake?" Alikuwa mpenzi wa mchezo ule kupita hata sisi. Mchawi akifanya ubaya wake, bibi alitikisa kichwa na kusema yule kizee ni mbaya kweli, kazaliwa na nani yule.

Nitarudi kwa bibi. Kwanza niseme kwa nini mpaka leo naamini hakuna filamu ya kutisha inayoufikia mchezo wa redio, hata hizi za siku hizi zenye damu za kompyuta.

Filamu inakuonyesha mchawi, ukishamwona umemaliza. Una uwezo hata wa kumkosoa, meno ya bandia yale, rangi imezidi. Redioni unapewa sauti ya mlango, hatua tatu, pumzi ya mtu, basi. Sura unaitengeneza mwenyewe, na unaitengeneza kwa vitu ulivyonavyo. Watu wa studio wanajua hili, ndiyo maana vifaa vyao ni vya kuchekesha ukiviona. Bati likitikiswa ni radi. Vifuu viwili vya nazi vikigonganishwa ni kwato za farasi. Karatasi ya nailoni ikikunjwakunjwa mbele ya kipaza sauti ni nyumba inaungua. Niliposikia hivyo kwa mara ya kwanza nikiwa nasomea kazi hii nilijiona mjinga sana. Miaka yote ile nimekosa usingizi kwa sababu ya nailoni!

Halafu kuna suala la usiku wenyewe. Mawimbi ya kati, yale yaliyoandikwa MW kwenye redio, mchana husafiri yakifuata ardhi na hayafiki mbali. Jua likizama, tabaka la chini la anga linaloyameza hutoweka, mawimbi yanapanda juu zaidi na kurudishwa chini mamia ya kilomita mbele. Kwa hiyo usiku Geita tuliipata Dar es Salaam, na pia Kigali, Bujumbura, Kampala na Nairobi, mara nyingine zote kwa mpigo. Sauti ilikuja na kuondoka kama mtu anayevuta pumzi. Mchawi anataka kusema jina la atakayekufa, mara inaingia kwaya ya lugha nyingine, mara mluzi mrefu, mara mchawi huyo karudi na ameshalisema. Hakuna fundi wa studio duniani ambaye angeweza kutuwekea vikorombwezo vile.

Na baada ya mchezo je? Hapo ndipo penyewe. Choo kilikuwa nje, hatua kama 30 kutoka mlango wa jikoni, na njiani kuna mpapai. Nakuapieni hakuna aliyekwenda. Tulikuwa na kopo. Dada, ambaye leo ni mtu mzima mwenye heshima zake serikalini, alikuwa na kopo lake mwenyewe.

Yote haya nayakumbuka kwa furaha, na sitaki kujifanya vingine. Kuogopa pamoja, mmebanana kwenye mkeka, mkijua kwamba baba yupo pale na kofi lake la redio, ni raha ambayo sijaipata tena. Lakini nimesema sura ya mchawi unaitengeneza kwa vitu ulivyonavyo. Swali ni hili. Sisi watoto wa Geita tulikuwa na nini?

Tulikuwa na bibi mwenye macho mekundu.

Kwa wale wasiotoka Usukumani ngoja nieleze, ingawa ni jambo la aibu. Huku kwetu kwa miaka mingi jicho jekundu kwa mwanamke mzee lilichukuliwa kuwa ni ushahidi. Sababu ya wekundu ule inajulikana. Kuni zimekwisha, mama anapikia mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa miaka 40 au 50. Moshi wa namna hiyo haumwachi mtu na macho meupe. Lakini mtaani jicho lile lilisomwa vingine, kwamba huyu halali usiku, huyu anapanda fisi.

Watu walikufa kwa jicho hilo. Simeon Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeyafuatilia mauaji haya, aliandika kwa kutumia takwimu za serikali kwamba kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ilitokea Mwanza na Shinyanga. Tukikumbuka jinsi hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi alivyojiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, tunamsifu kwa uwajibikaji, na anastahili. Mara chache tunasema alijiuzulu kwa sababu gani. Vyombo vya dola vilikuwa kwenye operesheni ya kusaka wauaji wa vikongwe huku huku Mwanza na Shinyanga, vikatesa watuhumiwa mpaka wengine wakafia mikononi mwao. Yaani bibi kauawa kwa tuhuma bila ushahidi, na watu wengine wakafa kwa tuhuma ya kumuua.

Sasa rudi kwenye ukumbi wetu. Redio inatoa kicheko cha bibi kizee. Watoto 10 gizani wanatafuta sura ya kukivika kicheko hicho. Sina haja ya kumaliza sentensi.

Siku moja, mchana, bibi alipita mbele ya nyumba akitoka kisimani. Mimi nilikuwa bingwa wa kile kicheko, nilikuwa nakiigiza hata shuleni. Nikakitoa. Vizuri kabisa, kwa kupanda na kukatika. Wenzangu wakaangua, na mmoja, sitasema nani, akapaza sauti: "Mchawi huyoo!" Bibi hakugeuka. Mama aligeuka. Alitoka jikoni na mwiko mkononi na sijawahi kupigwa vile kabla wala baada. Mama yangu si mpigaji. Alinipiga huku analia, akawa anarudia, "Neno hilo linaua watu! Unanisikia? Linaua watu!" (Baadaye sana nimekuja kusoma kwamba chini ya Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu 1928, kumtaja mtu hovyo kuwa ni mchawi nalo ni kosa. Kwa hiyo tulikuwa wahalifu wa darasa la nne.)

Mwaka ule ule, baada ya masika, mtoto wa nyumba ya chini alifariki kwa homa. Watu wazima wakaanza kuongea kwa sauti za chini na kunyamaza tukikaribia. Wiki chache baadaye bibi alikuta karatasi imeingizwa chini ya mlango wake usiku. Hakujua kusoma, akaileta kwetu baba amsomee. Baba aliisoma kimoyomoyo, akaikunja, akaitia mfukoni, akamwambia bibi asirudi kulala kwake. Alilala kwetu siku mbili, chumba cha wasichana. Siku ya tatu mwanawe alikuja kumchukua kumpeleka Mwanza. Nyumba ile ilikaa na kufuli mpaka ikaanza kubomoka, na shamba lake, kama ilivyo kawaida ya visa hivi, halikukosa mtu wa kulilima.

Sisemi redio ndiyo iliyoandika karatasi ile. Aliyeiandika alikuwa mtu mzima mwenye akili zake na pengine mwenye hamu ya shamba. Imani hizi zilikuwepo kabla Marconi hajazaliwa. Nikilizungumza hili na wenzangu wa kazi ndivyo wanavyonijibu, wengine kwa ukali: ule ni mchezo tu, mbona hata bibi zetu walitusimulia mazimwi na hatukuua mtu?

Hoja ya mazimwi nimeifikiria sana. Zimwi la hadithi linakaa porini, mbali, ng'ambo ya mto. Halina nyumba ya pili kutoka kwenu na wala halichoti maji kisima kimoja na nyie. Tena ni nani aliyekuwa anatusimulia? Bibi. Sauti ya mwanamke mzee ndiyo iliyokushika mkono ukaingia nayo porini na ndiyo iliyokurudisha salama. Hata redioni tulikuwa nayo sauti ya namna hiyo. Waulize waliokua na Radio Tanzania kuhusu kipindi cha Mama na Mwana na Debora Mwenda, uone nyuso zao zinavyobadilika. Kwenye mchezo wetu wa usiku mambo yaligeuzwa. Sauti ya bibi ilitolewa kwa msimuliaji ikapewa mchawi. Msimuliaji akawa kijana wa kiume mwenye sauti nzito kama ya tangazo la benki.

Na hii ya "ni mchezo tu" naikataa kabisa, kwa sababu sisi watu wa vyombo vya habari hatuisemi siku zote. Tunaisema tukilaumiwa. Tukitafuta wafadhili tunasema kinyume chake. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi. Wengi mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa malori, na mkewe Tunu. Watafiti walifanya jambo la ujanja. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo ule haukurushwa Dodoma, ili waweze kulinganisha wasikilizaji wa kwingine na watu ambao hawakuusikia. Wakakuta kweli sehemu uliposikika watu walibadilika zaidi, uzazi wa mpango ukaongezeka. Mwaka 1995 Dodoma nao wakafunguliwa, na mabadiliko yakaonekana huko pia. Basi kama Mkwaju aliweza kumfanya mtu aende kliniki, kwa nini bibi mchawi asiweze kumfanya mtu amtazame jirani yake vibaya? Hatuwezi kuchukua sifa ya kwanza na kuikana ya pili.

Watu hupenda kutoa mfano wa Orson Welles, Oktoba 30, 1938, alipoigiza redioni kwamba viumbe wa sayari ya Mars wameivamia Marekani. Magazeti yaliandika kwamba nchi nzima ilikimbia hovyo, na watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba magazeti yalitia chumvi nyingi. Lakini wapo walioogopa kweli, na ukitaka kujua kwa nini, kumbuka wiki chache kabla redio hizo hizo zilikuwa zinakatiza vipindi kuwapa habari za Hitler na Czechoslovakia. Walikuwa tayari wanasubiri kuvamiwa. Mwaka 1949 mchezo huo huo ukaigwa Quito, Ecuador, na watu walipogundua wamechezewa walichoma moto jengo la redio, wakafa watu. Wasikilizaji wale walileta hofu yao kutoka nyumbani, mchezo ukaipa umbo. Sisi hatukuwa na Mars. Tulikuwa na kisima, shamba la mjane na mtoto aliyekufa kwa homa.

Ningekuwa nazungumzia mambo ya kale ningeishia hapa na kuomba radhi kwa kuwapotezea muda. Lakini simulizi za kutisha hazijafa, zimehamia kwenye simu. Nenda Nyarugusu au Mgusu jioni, wachimbaji wakiwa wametoka kwenye maduara, utawakuta wamejilaza na spika ndogo ya bluetooth wanasikiliza simulizi za sauti. Nyingine ni nzuri mno, vijana wanaojirekodi chumbani kwao kwa simu wanajua kunyamaza mahali pa kunyamaza. Ila hadithi zimeongezewa kitu ambacho zetu hazikuwa nacho sana, nacho ni utajiri. Mganga anatoa masharti, kijana analeta kiungo cha mtu, kesho yake ana nyumba na gari. Mwishoni anapata adhabu, ndiyo, dakika tano za mwisho. Saa nzima iliyotangulia tumekuwa tukielezwa kwamba dawa inafanya kazi.

Unamsimuliaje hivyo mchimbaji ambaye miezi minne hajaona hata punje? Na katika ukanda huu! Kuanzia 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa Mwanza, Shinyanga na hapa Geita kwa imani hiyo hiyo, kwamba kiungo chao kinaleta dhahabu na samaki. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa kienyeji. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo leo ipo Mkoa wa Geita. Tukadhani limekwisha. Februari 2015 huko Chato mtoto wa takriban mwaka mmoja alichukuliwa mikononi mwa mama yake. Mama alipigwa mapanga akijaribu kumkinga. Mtoto alipatikana porini amekufa, hana mikono wala miguu.

Sidai simulizi zipigwe marufuku. Naogopa neno marufuku kuliko navyoogopa fisi. Ninachodai ni uvivu upungue. Bibi kizee mwenye kicheko ni njia ya mkato, mwandishi hana haja ya kufanya kazi kwa sababu mtaa umeshamfanyia. Kutisha bila yeye inawezekana kabisa, tena Geita imejaa vitisho visivyohitaji uchawi. Januari 2017 watu 15 walifukiwa chini ya ardhi kwenye mgodi hapa Geita, wakakaa gizani siku tatu hivi kabla ya kutolewa wote wakiwa hai. Nipe saa moja ya redio ndani ya shimo lile, maji yanadondoka, mtu anahesabu wenzake kwa majina. Sitakwenda chooni mwezi mzima.

Au nipe mchezo ambao nausubiri tangu utotoni na sijausikia. Usiku. Mwanamke mzee yupo peke yake, amemaliza kula, anafunika chungu. Karatasi ameshaipata wiki iliyopita. Mbwa wa jirani wanabweka, halafu wananyamaza wote kwa pamoja. Hatua nje. Mtu anasema "hodi" kwa sauti anayoifahamu, ya kijana aliyekuwa akimwita mjukuu wangu. Tusikie pumzi ya huyo bibi, safari hii sisi tuwe ndani na yeye. Nakuhakikishia hakuna atakayecheka wala kuigiza shuleni kesho yake.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani likizo. Mama sasa ana miaka 70 na ushee, macho yake nayo yameanza wekundu na kila nikija nampeleka hospitali kuliko inavyohitajika, ananishangaa. Jioni tukawa tunakumbushana ya zamani, nikamtania kwamba yeye ndiye alikuwa mwoga kuliko sisi wote. Maana kulikuwa na jambo ambalo lilituudhi sana enzi zile. Mchezo ukifika penyewe, kicheko kinakaribia, mama alinyanyuka na kupunguza sauti ya redio. Kila wiki. Mara aulize nani kafunga kuku, mara amsemeshe bibi habari za miguu yake. Tulilalamika, tulinuna, haikusaidia.

Akasema hakuwa anaogopa mchawi wa redioni. Alisema, "Kile kizee kikianza kucheka, nyie watoto wote mlikuwa mnageuka kumtazama bibi. Wote kwa pamoja. Nyie hamkuwa mnajiona."

Nikamuuliza kama bibi mwenyewe alijua.

"Alijua. Umesahau siku za mwisho alikuwa anakaa wapi?"

Sikuwa nimesahau. Alihama kwenye mkeka, akawa anakaa kule nyuma yetu karibu na mlango, mahali ambapo mwanga wa koroboi haukufika. Sisi tulifurahi, kwamba leo kuna mtu wa kukaa mlangoni.